Kata Isiyoteka Maji

Mama aliposikia najifunza kata
aliitungua ile ya kifuu iliyoning'inia juu ya mtungi,
akaipindua, akaigonga kitakoni.
"Kata ni hii," akasema. "Hiyo yako inateka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mkanda wa njano
na jino moja linalocheza,
zawadi ya Faki Mbarouk, mshoto wa Kipangani,
ambaye mkono wake hufika kabla ya salamu.

Jumatano na Jumamosi, baada ya laasiri,
skuli ikishafungwa, madawati yakishasogezwa ukutani,
Faki alinipiga.
Alinipiga kwa adabu, akiinama kwanza.
Halafu alinipiga bila adabu.

Nikamwendea Mwalimu Zuwena
(mchana hupima karafuu, jioni hutupima sisi)
nikamwambia, nifundishe ngumi mpya.
Akanirudisha kwenye kata ya kwanza kabisa,
hatua ishirini na moja
nilizokwisha kuzichoka kama jedwali la mbili.

Basi nikaenda Limbani, nyuma ya nyumba ya ami Shaame,
kwenye sakafu ya saruji wanapoanika karafuu.
Mwaka ule mikarafuu ilipumzika.
Sakafu tupu, harufu imekataa kuhama.
Geuka kushoto. Kinga chini. Piga.
Namkinga nani? Nampiga nani?
Kuku wa ami alinitazama kwa jicho moja
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.
Watoto wa jirani walinihesabia:
moja, mbili, nne, saba.
"Kakosa!"
"Uliyekosa ni wewe!"
Mwezi mzima niliupiga upepo
na upepo haukuanguka.

Siku moja Mwalimu akapita, kilo mbili za unga mkononi.
Hakuvua viatu. Alitazama mpaka hatua ya kumi na nne,
pale unaporudi nyuma nusu hatua, polepole,
mkono ukishuka kama unaofunga droo.
"Hapo unasinzia."
"Hapo hapana kitu, Mwalimu."
"Hapo pana mtu. Humwoni kwa kuwa hujampa jina."
Akaenda zake na unga wake.

Nikampa jina.
Nikamsimamisha Faki kwenye hatua ya kumi na nne,
na kovu lake la kwenye nyusi, na pumzi zake za tangawizi,
na lile bega la kushoto linalonyanyuka kidogo,
kidogo tu, kama kifuniko cha chungu kinachokaribia kuchemka.
Kumbe bega!
Siku zote nilikuwa natazama ngumi,
na ngumi ni habari iliyochelewa.

Nusu hatua nyuma. Droo ikafungwa.
Tena.
Tena, hata nyayo zikawa nyeusi kwa vumbi la makonyo.

Jumamosi sikuwaza. Ningewaza, ningepigwa.
Bega likanyanyuka, na mguu wangu
ulikwishaondoka bila kuniaga.
Mkono wa Faki ukapita mahali nilipokuwa.
Wa kwangu ukamgusa ubavuni, pa,
mlio mdogo, kama daftari linaloanguka.

Nisikudanganye: alinishinda. Tano kwa mbili,
na hiyo ya pili aliteleza mwenyewe.

Usiku mama alinitekea maji, akaniangalia nikinywa upande usio na jino bovu.
"Eh, imeteka?"
"Tone moja."
"Basi haikutoboka," akasema, akaitundika.

Jumapili Faki akaja sakafuni, hakuitwa.
"Ile umeitoa wapi?"
"Hatua ya kumi na nne."
"Ya kata gani?"
"Ya kwanza."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavua viatu,
akasimama pale pale aliposimama siku zote bila kujua.
Mimi nikakaa ukingoni na kuku.

Geuka kushoto. Kinga chini. Piga.
Alipofika kumi na nne akapunguza mwendo,
macho yakatafuta mtu kwenye hewa tupu,
yakampata.

Sikumuuliza ni nani.
Bega langu la kulia lilinisisimka.