Sindano

Kazi yangu ni kuusikiliza mlima.
Sindano inakwaruza karatasi usiku kucha,
nami nanywa chai ya tangawizi, naandika saa.
Saa nane na dakika tatu: mtetemo mdogo.
Saa tisa: lori la saruji, si mlima.

Redioni waziri wa jirani anasema
hana askari hata mmoja upande huu.
Waziri wetu anajibu kwamba sisi nasi
hatujampa mtu unga wala risasi msituni.
Wote wawili wana sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Babu yake Bauma, mlinzi wetu wa lango,
aliona watu wakinyweshwa mwavi:
anayetapika msafi, anayeanguka mwongo.
Kwingine, nimesoma, walitafunishwa mchele mkavu,
na aliyeshindwa kuutema
alihukumiwa kwa kukosa mate.
Halafu wataalamu wa ng'ambo wakaleta mkanda wa kifua,
mpira wa kubana mkono,
na sindano, dada wa hii yangu,
ikachora pumzi, ikachora damu,
mpelelezi akatazama vilima vya wino
akasema: huyu hapa.

Lakini sindano haijui uongo. Inajua hofu.
Mfunge mkanda ule Mama Kavugho
pale bariyeri ndogo, alfajiri,
jetoni mkononi, kilo mbili za sukari chini ya kitenge:
karatasi itachanika.
Mfunge waziri, yeyote, chagua,
mstari utanyooka kama ziwa lisilo na upepo.

Na mimi mstari ulionyooka ndio unaonitisha.
Usiku ule wa lava, tulipokimbia na magodoro
na mtu akabeba mlango wake kichwani,
karatasi ya mchana ilikuwa safi kama shuka la hoteli.

Karatasi za zamani hatuzitupi.
Kavugho huja Ijumaa kuzichukua,
hufungia sambaza za kukaanga, akavuka nazo.
Ng'ambo ya pili Uwera huzipokea kwa mkopo,
bila sahihi, bila shahidi, bila komunike.
"Nitakulipa Jumanne." Na Jumanne hulipa,
au Jumatano, mvua ikinyesha.
Wateja wake wanalamba chumvi
juu ya mitetemo yetu ya mwezi uliopita.
Juzi mmoja akauliza, mistari hii ni nini?
Mlima, akaambiwa.
"Wenu au wetu?"

Kavugho alikuwa anahesabu chenji.