Kiti cha Sita

Nimevipindua vyote, miguu juu kama mende,
sakafuni jikoni kwangu hapa Svendborg,
na kurunzi nimeibana kwa meno.
Nje ni Novemba. Mvua inaandika, inafuta.

Ejgil wa duka la mitumba, lile lililokuwa kiwanda cha siagi,
aliniapia, mkono kifuani:
"Meza na viti sita, Gudrun. Mwaloni mtupu.
Vimemzidi mama yangu umri."
Mama yake simjui. Nikalipa kroni mia tisa
na kupakia nikapakia mwenyewe.

Uso wa mbao usiuulize.
Uso hupakwa vanishi, hujifunza kusema uongo.
Uliza chini, pasipofika kitambaa,
ambako fundi aliiacha randa ikwaruze
kwa kuwa hakuna mgeni alaye amelala chali.

Meza nimeipima kwanza. Ni duara,
ndivyo yasemavyo macho.
Futikamba ikakataa:
kufuata nyuzi, sentimita mia na kumi na mbili;
kuzikata nyuzi, mia na kumi na nusu.
Mti hausinyai urefu, husinyaa ubavu,
polepole, baridi baada ya baridi,
watu wakiwa papo hapo wanapitishiana viazi.
Duara likawa yai na hakuna aliyeacha kula.
Basi hapo Ejgil hakunidanganya.

Kisha siki. Tangu juzi nimeloweka sufu ya chuma
katika chupa iliyowahi kuwa na heringi.
Mwaloni una ukakasi; uonjeshe chuma, utanuna.
Tone chini ya kiti cha kwanza: wino.
Cha pili, wino.
Cha tano kilinuna kabla sijaondoa kijiti.
Cha sita kikanitazama tu.

Nikadondosha tena. Kijivu hafifu, chai ya mgonjwa.
Nikakwangua pembeni kwa kisu:
chini ya rangi ya maganda ya jozi, mbao ya waridi
yenye vidoa kama ufuta uliomwagika.
Bøg. Mti wetu wa magome laini,
uvaao majani mwanzo wa Mei
hata watu wakaenda msituni kuutazama tu.
Kuni, kwa kweli. Kuni na mipini ya nyundo.

Na skrubu nne za kichwa cha msalaba.
Aliyeunda vile vitano alizikwa kabla hazijabuniwa;
yeye alitumia vigingi, na ukipitisha kidole
utavisikia vimechomoza, meno ya mtoto kwenye ufizi.
Ila mgongo umenakiliwa, pindo kwa pindo.
Mtu aliketi na kiti cha zamani mbele yake,
akapima, akakata, akachemsha maganda
ili mgeni asijue.
Wala hakuwa fundi: tundu moja limekosewa,
likazibwa kwa nta,
likatobolewa tena kando yake.

Walikuwa watano, wakawa sita.
Nani alikuja? Mkwe? Yatima? Mtoto wa uzeeni?
Mbao haitaji jina. Inataja visigino:
upau wa mbele umelika katikati
mpaka umekuwa mgongo wa kijiko,
na pau za wale watano zina kingo bado.
Huyu hakufika chini kwa miaka mingi.
Alipiga teke kila mlo, supu na sala pia.

Ejgil amepiga simu. Nimemwambia:
vitano mwaloni, kimoja si mwaloni.
Kimya. Halafu: "Nikurudishie mia na hamsini?"
Nimesema nitafikiria.

Siki imekauka. Kidoa kile hakitatoka.
Nimevisimamisha vyote,
na kwa kuwa naishi peke yangu na lazima niketi mahali,
nimekivuta hicho.
Kinayumba. Nimekunja bahasha ya bili ya umeme,
nikaisukumia chini ya mguu.
Sasa kinayumba upande wa pili.