Kokwa ndani ya Falaji

Darini kwa mama, hapa Al Hamra,
nimeweka sanduku lililokuwa la tende za khalasi.
Ndani mna vibao viwili vya plastiki
nilivyovizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme,
na waya unaoshuka dirishani hadi jikoni,
kando ya birika.

Kila kinapopita kitu, kitaa chekundu hukonyeza.
Ti. Kimya. Ti, ti.
Mama Shinuna anakaanga mandazi.
"Huyo nani tena?"
Mgeni, namwambia. Kitukuu cha protoni
iliyoigonga hewa juu ya Jabali Shamsi, ikavunjika.
"Katokea wapi?"

Hapo ndipo ninapokwama.
Mwanga ni mnyoofu, mama. Ukiuona,
fuata shingo yako: kwao ni pale.
Hii ina chaji, na baina ya nyota na nyota
si kutupu kama tulivyofunzwa.
Kuna gesi nyembamba kuliko pumzi ya mgonjwa,
imeungua hata elektroni zimeziacha atomi zao,
na nyuzi za sumaku zimepita humo zimepindana
kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa.

Jana alasiri nilikwenda falajini.
Zamu ya maji ilikuwa ya kina Hilal.
Kijana aling'oa jiwe na matambara, maji yakageuka kwa hasira:
kizingia kikubwa kikazaa vidogo,
vidogo vikazaa vya ukubwa wa kikombe cha kahawa,
na vingine, na vingine, mpaka nikavipoteza.
Nikatupa kokwa.
Kile kikubwa kiliibeba tu, kama mzigo.
Vile vidogo sana haikuvijali.
Ila ilipokutana na cha kimo chake
ikashikwa, ikazungushwa, ikaanza kurudi ilikotoka.

Ndivyo huko juu. Protoni huuzunguka uzi wake,
na wimbi la kimo cha mzunguko huo likiipata
huipiga kikumbo.
Mara elfu. Mara elfu elfu.
Miaka milioni kadhaa, kwa safari
ambayo mwanga huimaliza kwa elfu chache.
Na zikitoka nyingi kwa pamoja, mama,
zenyewe ndizo zinazotibua mawimbi
yatakayozizuia.

Anageuza andazi. "Kama sisi," anasema,
kisha anajikatalia: "Hapana. Sisi tunajua."
Anahesabu kwa mwiko. Wete. Mombasa, miezi minane.
Bujumbura, alikozaliwa Zahor. Dubai, chumba cha Satwa,
dirisha moja, watu kumi na mmoja.
Kisha hapa, ambako shangazi yake baba
alimtazama mdomo akasema:
Kiarabu cha huyu kimeanguka njiani.

Mwaka jana, Nizwa, karani alimpa fomu
yenye nafasi fupi kama ukucha: Asili.
Alikaa nayo hata foleni ikaguna.
Akaandika jina la kijiji
ambacho babu yake alikihama akiwa na miaka sita.

Ti.
Sanduku langu halina nafasi hiyo.
Linaandika saa, dakika, sekunde, na kwamba kimefika.
Nimelielekeza huku na huku miezi saba,
hakuna kona ya mbingu inayojitangaza kuwa kwao.

Mama anajipangusa unga,
anakinga kiganja chini ya dari.
"Hapa pia wanapita?"
Sasa hivi. Kila sekunde, mmoja au wawili.
"Mbona siwasikii?"
Hawaumizi.
Anangoja kidogo, mkono wazi,
mafuta yanaanza kutoa moshi nyuma yake.
"Basi," anasema, "waache wapite."