Paka wa Mfukoni

Koti nilinunua Mwanjelwa, Juni, baridi inauma,
elfu nane baada ya kubishana.
Mfukoni mlikuwa na tikiti ya treni ya nchi nisiyoijua
na paka wa buluu, amezidi haragwe kidogo,
katobolewa mgongoni apite uzi.

Gwakisa, mwanangu, akafungua kitabu cha historia:
"Mama, hii hirizi. Wamisri wa kale
walimwabudu Basti, mungu wa kike mwenye kichwa cha paka.
Paka wa nyumbani akifa,
nyumba nzima hunyoa nyusi."

Nikacheka. Hapa Iyunga paka mweusi akikatiza njia
Tusekile wa jirani hutema mate, hukemea.
Wetu hana jina. Tunamwita "Toka!"
naye hutoka,
usiku hurudi darini kwenye magunia,
asubuhi panya watatu mlangoni,
wamepangwa kama chenji.

Gwakisa akasoma tena, sauti chini:
wale paka waliokaushwa, wakaviringishwa sanda,
walifukuliwa kwa maelfu, wakapakiwa melini,
wakasagwa Uingereza kuwa mbolea.
Vitakatifu, kwa tani.
Nikawaza bei ya mfuko wa DAP msimu huu.

Agosti, Toka alikula panya mwenye sumu.
Nilimzika mwenyewe nyuma ya mparachichi,
paka wa buluu shingoni, kwa uzi wa kushonea.

Usiku darini walicheza ngoma.
Nilifungua mlango, kidole kwenye nyusi,
nikaita gizani, taratibu: Toka. Toka.

Tusekile akauliza dirishani
namfukuza nani.