Jike, Milimita Tatu

Alikuja kufia dirishani mwa maabara ya maziwa,
kati ya kopo la chachu na kalenda ya mwaka jana.
Triinu alikwisha kunyanyua kitambaa.
Nikasema, ngoja,
nikamwinua kwa ncha ya karatasi iliyolowa,
kama mtu aokotaye nukta iliyodondoka gazetini.

Nzi kufia juu ya kidonda si haramu, husema watu.
Huyu hakupata kidonda. Alipata kioo,
na nyuma ya kioo mashamba ya Põlva,
na theluji ya kwanza, ile isiyokaa.

Usiku nikawasha taa ya kushonea.
Picha kumi na tisa:
kumi na saba ukungu,
moja ya ukucha wangu,
na moja, ya mwisho, ikamshika.
Mgongo wa majivu ya tanuri lililopoa.
Vibonge viwili vya manjano palipopasa kuwa na mbawa za nyuma.
Utosini macho mengine matatu, madogo,
kana kwamba yale makubwa hayakumtosha.

Nikampigia Kaljo, kule Haapsalu.
Kaljo alitengeneza taa za reli miaka arobaini;
nzi wake wamelala katika makasha ya sigara,
kila mmoja na pini yake na lebo
yenye mwandiko mdogo kuliko mbegu ya mchicha.
Sasa ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto.
Hutania: ndio wanangu pekee, na wote wawili wakaidi.

Picha haimfai kitu. Kwa hiyo huuliza.

"Bawa. Mshipa wa nne, umepinda au umenyooka?"
"Umepinda kidogo, kama kiwiko cha mtu anayesikiliza."
"Maret, usinitungie. Umepinda au umenyooka?"
"Umepinda."
"Muundi wa mguu wa nyuma, singa ngapi?"
"Picha haionyeshi."
"Basi picha imemaliza kazi. Vuta hadubini."

Nikavuta. Nikageuza pini nusu ya nusu ya mzunguko,
pumzi nimeibana nisimpeperushe.
"Tatu," nikasema. Halafu: "Hapana. Tatu na shimo.
Singa moja imeng'oka, imebaki tundu lake."

Kimya. Nikasikia saa ya ukutani kwake,
na birika lililoanza kulia, likaachwa lilie.

"Shimo huhesabiwa," akasema.
"Palipokuwa na kitu, hesabu kitu. Ni nne."

Nne! Nne ilitufungulia mlango,
mlango ukatupeleka kwenye ushoroba,
ushoroba ukawa na milango mitano, na Kaljo,
gizani mwake, alijua komeo la kila mmoja.
Rangi ya nyonga. Vumbi la paji la uso.
Saa moja na dakika arobaini kwa mdudu
ambaye angekaa kwenye punje ya mchele na nafasi ikabaki.

Kisha akauliza alilopaswa kuuliza mwanzo:
"Dume au jike?"
"Jike."
Akashusha pumzi, akaenda kuzima birika, akarudi.
"Basi tumefika ukingoni. Ukoo huu hujulikana kwa dume,
kwa vikulabu vya ncha ya tumbo lake.
Jike na binamu zake wanne ni sare moja.
Andika jenasi, kisha nukta."
"Halafu?"
"Halafu hujui. Na hilo nalo liandike kwa wino usiofutika,
maana atakuja mtu baada yetu
atakayeshawishika kukisia."

Nikaandika: Põlva. Dirishani. Tarehe. Jina langu,
ambalo lilichukua nafasi kubwa kuliko lake.

Asubuhi Triinu aliniwekea mezani kiberiti.
Ndani kitu kilikuwa kikigonga, hai.
"Sijui kama ni mume wake," akasema, bila kunitazama,
"ila nimemkuta palepale."

Nikafungua ufa mdogo.
Ni wa ukoo mwingine kabisa, hata mbali haikaribii.
Nikamshukuru Triinu. Nikatafuta simu.