Kanji

Alishuka Apia na mashati kumi na mawili,
kola zimelegea kwa jasho la meli.
Mama akanitupia furushi: huyu ni Doktari Brehmer,
wa mambo ya ardhi. Usiunguze. Hatuna cha kumlipa.

Kanji tulijipikia wenyewe.
Mizizi ya masoa, tukaikuna,
tukaiacha ituame majini hadi alfajiri;
weupe ule tuliwakorogea wagonjwa uji
kabla haujawa shingo ya Mdachi.

Unayemfulia nguo hakufichi kitu.
Mwaka wa kwanza, wino kwenye pindo la mkono:
anaandika mashamba, la nani, toka kijito gani hadi mnazi upi.
Jina refu likimshinda ulimi alilikata,
na shamba nalo likakatika hapohapo.
Mwaka wa tatu, tope magotini,
na kamba ya kupimia imemchora mstari begani.
Mwaka wa tano vifungo vya shaba, naibu wa gavana.
Nikaambiwa nivisugue kwa majivu hadi nijione.
Nilijiona: pua kubwa, macho madogo, mara nane.

Halafu lile doa la mvinyo.
Walikunywa siku wazee wetu walipopakiwa melini,
mjomba Tafaoga akiwa na mkeka mmoja tu kwapani.
Nilitia ndimu, nikatia jua, nikatia maji ya chumvi.
Labda sikusugua sana.
Hakuuliza. Alilivaa hivyohivyo,
koti limefungwa hadi juu, kwenye joto lile.

Akapanda tena: balozi mdogo, nchi ya milima, sijui wapi.
Aliacha kiti cha henzirani, chupa tupu,
na deni la kufuliwa la mwezi mmoja na nusu.
Wakaja wa bendera nyingine. Nao wana mashati.

Juzi mjukuu wangu Pelenato kaleta misumari
imefungwa kwa gazeti kuukuu, na yeye yumo:
balozi kamili, nishani kifuani,
anapeana mkono na rais fulani mwenye masharubu.
Mjukuu akasoma cheo chote kwa sauti, neno moja moja.
Mimi nilitazama kola.
Imelala upande wa kushoto. Pasi ilikuwa baridi.

Nikacheka mpaka nikakohoa.
Kisha nikakuta kidole gumba kimelowa mate,
kiko shingoni mwake, kinanyoosha.