Mlango Usiopitisha Kitu

Baba yangu alikaa miaka ishirini na miwili
langoni mwa kiwanda cha mikate, Barabara ya Lunga Lunga:
koti la kaki, tochi, daftari la wageni,
na hakuna aliyewahi kumwona akitafuna.

Mimi nafuga hamira. Chiromo, ghorofa ya pili,
chupa thelathini zinatikiswa usiku kucha
kama watoto waliogoma kulala.

Sikiliza, Baba, nilimwambia Jumapili ile
alipokuja na shati la kanisani
(bawabu wa chuo alimsalimia dakika arobaini,
mimi dakika mbili):
seli imejifunika mafuta, safu mbili,
vichwa nje, mikia imefichana katikati.
Sukari ikifika hapo imegonga samli,
inateleza, inazunguka, haina pa kupenya.
Ndipo kuna milango. Uzi mmoja wa protini
umeshona utando mara kumi na mbili,
ndani nje, ndani nje,
ukaacha nafasi ya mgeni mmoja.
Na mlango huo haufunguki pande zote.
Hufungua nje, humkumbatia mgeni, hufunga,
ndipo hufungua ndani.

"Kama malori ya unga," alisema.
"Geti la kwanza, simama, funga. Kisha la pili.
Ukifungua yote kwa pamoja umeibiwa."

Sasa kuna mmoja, nikasema,
ana mishono ileile kumi na miwili,
umbo la mlango, bawaba za mlango,
ila hapitishi hata chembe.
Sukari humtua kiganjani, huionja,
huiacha iende zake.
Lakini ana mkia mrefu uliolala ndani ya seli,
na mkia ukishtuka, habari hufika kiinini:
kuna chakula nje, jengeni milango.
Kikiwa haba, ijengwe yenye mshiko mkali,
ya kunyakua tone. Kikifurika,
kuna mwenzake wa kutangaza wingi,
na hapo hujengwa mipana, isiyo na papara.

Nilipomwona mara ya kwanza
nilidhani ni mlango mbovu, uliosahau kazi.
Basi nilimng'oa, Baba. Kwa makusudi.
Nilikata jeni yake, nikaipa seli sukari kiduchu.
Siku mbili chupa ilibaki angavu
kama ya maji ya kunywa.
Chakula kipo, kimeizunguka,
hakuna wa kusema kipo.

Hakujibu. Alikuwa anatazama chupa zikitikisika.
Nami nikakumbuka usiku alipopiga simu ndani,
"Oveni ya tatu inaungua," kabla ya kengele,
kwa pua tu, kutoka mita themanini,
na asubuhi meneja akampa mkono.
Mkono tu.
Nyumbani tulikunywa chai ya rangi,
mimi na Mkawasi tukilinusa koti lake kwa zamu,
kwapa hadi kola,
kabla Mama hajalitia majini.

"Na huyo wako," akauliza hatimaye,
"zamu yake inaisha saa ngapi?"
Akichakaa, nikasema, seli humvuta ndani,
humsaga, vipande vyake vikatumika tena.
"Kumbe huingia," akasema.
"Mwishowe."

Kisha akanyoosha mkono kwenye chupa
ya nne kutoka dirishani. Nilitaka kumkataza,
hewa ina vimelea, kazi ya wiki nzima,
lakini kifuniko cha foili kilikuwa kimeshatoka
na macho yake yamefumba.
"Hii bado ina njaa. Ile ya kando yake imeshiba."

Mashine ilisema hivyo hivyo
dakika kumi baadaye, kwa tarakimu.
Nikaandika daftarini: saa, namba ya chupa,
na kwenye safu ya mpimaji
jina lake lote, Mghendi wa Mwandoe,
kwa kalamu isiyofutika.